Mjadala: Msanii anayekuja kwetu msimu wa korosho alazimishwe kupiga laivu?

MLETA MADA (Mtwara Mjini)

Wakuu, heshima kwenu. Minada ya korosho ikianza Oktoba na malipo yakaanza kuwafikia wakulima, mabango ya matamasha hayakawii: Mtwara Mjini, Masasi, Newala, Tandahimba, Nachingwea, Ruangwa. Kiingilio kinalipwa, watu wanajaa uwanjani tangu saa mbili usiku, msanii anapanda saa sita, dijei anachomeka flashi, na kinachotoka spikani ni wimbo uleule wa redioni pamoja na sauti ya studio ndani yake. Maiki inafunguliwa kwa ajili ya "Mtwara mpooo?", kisha inabaki kuwa pambo la mkononi.

Hoja yangu ni hii. Kibali cha tamasha kinapitia kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Kiongezwe sharti moja: kwenye tamasha la kiingilio, msanii mkuu apige laivu. Asiyeweza, bango liseme wazi kwamba ni pleibeki, yaani sauti iliyorekodiwa, mwenye hela yake aamue.

Kwangu jambo kubwa ni kutunza, yaani kumpa mwimbaji noti pale anapokugusa. Pwani yetu, toka Kilwa hadi Mikindani, imekulia kwenye taarabu. Shairi la taarabu lina beti zake, lakini urefu wake anaupanga msikilizaji. Mama akiguswa na ubeti anainuka, anakuja na noti yake mkononi akicheza polepole, na mwimbaji akimwona ameinuka anarudia kiitikio. Wapigaji wanashusha sauti, wanamngoja afike, atunze, arudi. Shairi la dakika sita linaweza kwenda kumi na tano. Flashi haimngoji mtu. Mama bado yuko katikati ya uwanja, wimbo umekwisha, dijei ameshaweka mwingine.

Dansi ni hivyo hivyo. Kwenye chemko, pale dansi linapochangamka, mpiga solo anaangalia miguu ya wachezaji: wakiwa moto anazungusha tena, wakilegea anawapa ishara besi na dramu wafunge. Nyimbo nyingi za Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajabu tunazozipenda mpaka leo zilirekodiwa bendi nzima ikipiga kwa pamoja, na ndiyo maana unasikia watu wanasikilizana humo ndani. Msimu huu tunalipa hela nyingi kuliko wakati wowote wa mwaka. Tupewe muziki unaotuona.

KIJANA WA SINGELI (Nachingwea)

Mkubwa, shikamoo. Napinga, na nitasema kwa nini.

Kwanza, sharti hilo litawaua wa hapa kabla ya kumgusa mgeni. Msanii mkubwa toka Dar ana uwezo wa kukodi bendi akiamua. Kijana wa Ruangwa au Liwale mwenye nyimbo tatu atampata wapi mpiga besi, mpiga kinanda na mpiga dramu, na mazoezi ya wiki mbili? Atafutwa kwenye orodha ya watangulizi, na nafasi ya kusimama mbele ya watu wa kwao itakuwa imepotea.

Pili, singeli inakimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Mdundo ule umezaliwa kwenye kompyuta. Ukimpa mpiga dramu aupige nusu saa utapata kitu kingine kabisa, na mashabiki watakwambia sicho walichokuja kukicheza. Lakini juu ya mdundo huo MC anachana kwa mdomo wake, anataja mitaa, anajibizana na dijei, anaitikiwa. Huyo naye utamwambia hapigi laivu kwa sababu hakuna gitaa?

Tatu ni muda. Usiku mmoja una wasanii wanane. Kubadilisha bendi moja kwenda nyingine ni dakika 20 hadi 30 za waya na kujaribu maiki. Piga hesabu, tamasha litakwisha alfajiri.

FUNDI MITAMBO (Masasi)

Njomba, na wewe mdogo wangu wa Nachingwea, kuna namna nne za kupanda jukwaani, na sharti lolote liseme linakataa ipi. Ya kwanza ni flashi yenye sauti yote, maiki imezimwa. Ya pili ni flashi hiyohiyo, maiki wazi, msanii anajiimbia juu ya sauti yake mwenyewe. Ya tatu ni flashi ya mdundo peke yake, labda na waitikiaji kwa mbali, sauti kuu inatoka kooni. Ya nne ni bendi kamili. MC wa singeli yuko kwenye ya tatu, na mimi namhesabu amepiga laivu. Ya pili ndiyo inayodanganya zaidi: akichoka anashusha maiki na wimbo unaendelea bila yeye.

Sasa niseme kitu ambacho wasikilizaji hawakioni. Wasanii wengi wanakimbilia flashi kwa sababu jukwaa letu halina monita, ile spika inayomrudishia mwimbaji sauti yake. Mwimbaji asipojisikia, anachopata ni mwangwi. Kwenye joto letu sauti hewani inakwenda kama mita 350 kwa sekunde. Ukuta wa uwanja ukiwa mita 70 mbele ya jukwaa, sauti yake inamrudia baada ya sekunde 0.4 hivi. Anaanza kuufuata ule mwangwi, anachelewa mdundo, anapiga kelele ili ajisikie, noti inapanda, na wimbo wa tatu koo limekwisha. Mtu aliyepatwa na hayo mara moja, safari nyingine anakuja na flashi kamili, na mimi simlaumu.

Kwa hiyo kabla ya kumbana msanii, mbaneni anayekodisha mitambo. Mwimbaji mmoja anahitaji monita mbili. Maiki ya kawaida ya kuimbia, ile ambayo haisikii kinachotoka nyuma yake, monita ikae mbele ya mwimbaji ikitazama mkia wa maiki. Kuna maiki nyingine nyembamba zaidi ambazo udhaifu wake uko kwenye pembe za nyuma, kama nyuzi 125 kutoka mdomoni. Hizo monita zikae pembeni, kushoto na kulia, zikiinama kwake. Ukizichanganya, filimbi, ule mlio mkali wa spika, inaanza kabla ya ubeti wa kwanza.

Spika kubwa za mbele zitangulie mstari wa maiki kwa mita mbili angalau. Msanii aambiwe mapema mpaka wa kukimbilia, maana akishuka na maiki akapita mbele ya spika hakuna fundi atakayezuia mlio. Na hili vijana wanalipenda kwa sababu linapendeza kwenye picha: kukumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja. Zile tundu za nyuma ya wavu ndizo zinazoifanya maiki ichague upande. Ukiziziba inasikia kila upande, pamoja na monita. Sauti inakuwa ya puani na filimbi juu. Ashike mpini.

Kosa lingine liko studio. Wimbo wa kurusha redioni umebanwa, kila kitu kiko juu kwa kiwango kimoja. Ukiweka sauti ya mtu aliye hai juu yake, inamezwa. Prodyuza atoe nakala ya jukwaani: sauti kuu imeondolewa, waitikiaji wameshushwa, mdundo haukubanwa sana. Nakala hiyo dijei aishushe kama desibeli 6 chini ya alivyozoea, halafu maiki ipande. Kama wimbo ulirekodiwa kwenye ufunguo wa juu ambao msanii aliufikia studio kwa kurudia mistari mara ishirini, nakala ya jukwaani ishushwe noti nzima. Hakuna shabiki atakayegundua, koo litamshukuru.

MWANDAAJI (Lindi)

Nimewasoma wote. Mleta mada, kaka yangu, hesabu hujaifanya. Msanii wa flashi anasafiri na dijei, meneja na wachezaji wawili: watu watano, gari moja dogo. Bendi ya dansi ni watu 12 hadi 14 na vyombo, zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar hadi Mtwara Mjini, ukiongeza Masasi au Nachingwea ni kipande kingine kirefu. Vyumba, chakula, gari la mizigo. Kiingilio kitapanda, na anayesema anataka laivu ndiye atakayebaki nje ya uzio.

Halafu miksa, ile meza ya fundi inayochomekwa maiki na vyombo vyote. Hesabu mstari kwa mstari: besi moja, magitaa matatu, vinanda viwili, dramu nne, tumba mbili, waimbaji wanne. Hapo ni 16 tayari, na miksa nyingi zinazokodishwa huku ni za matundu 16. Mshereheshaji atachomeka wapi? Flashi ya kati ya bendi na bendi je? Unahitaji ya 24, na waya mnene wa kutoka jukwaani hadi kwa fundi, mita 30 angalau.

Umeme nao. Mzigo wa sauti na taa ukiwa kilowati 12, jenereta ya kVA 25 inakupa kilowati 20 za kazi, kwa hiyo inafanya kazi kwa asilimia 60 na ina nafasi besi ikigonga. Wanaoleta kVA 15 ndio hao taa zinapepesa kila dramu ikilia na miksa ya dijitali inajizima katikati ya wimbo. Taa ziwe na laini yake na sauti yake, la sivyo mlio wa "mmm" utaandamana na nyimbo zote.

KIONGOZI WA KIKUNDI CHA NGOMA (Newala)

Ndugu zangu, mnajadili laivu kama vile ni kitu cha kuletwa kwa gari kutoka Dar. Kwenye matamasha haya haya kuna watu wanaopiga laivu kila mara, nao ni vikundi vya ngoma. Tunaitwa saa kumi jioni, tunapewa dakika saba na maiki moja, viongozi wakishakaa tunaambiwa tushuke. Mitambo yote mnayoitaja inangoja flashi.

Angalieni lipiko, mchezaji wa kinyago wa Kimakonde. Yule mwenye kinyago hachezi juu ya mdundo uliokwishapangwa. Anasogea, anatetemesha mabega, anamtazama mpigaji, na akikata, ngoma zinakata naye. Mpigaji akichelewa nusu pigo uwanja mzima unaona na unaguna. Sindimba nayo, mchezaji akiingia katikati ndiye anayeamua ngoma ipande au itulie. Hakuna flashi inayoweza kucheza na lipiko. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwenye mjadala huu, na haijagusa bendi hata moja.

Kuukata muziki wetu ili utoshe kwenye chombo ni habari ya zamani. Mwaka 1906 mtafiti Mjerumani, Karl Weule, alipita Lindi, Masasi na Newala na mashine ya kurekodi kwa silinda za nta, na silinda moja inabeba dakika mbili tatu tu. Ngoma ya usiku kucha ikaingia humo kipande. Leo kuna mitambo ya saa nane mfululizo na bado tunapewa dakika saba.

Nimwambie fundi yanayoharibika. Vinganga, zile ngoma ndogo zinazopigwa kwa fito nyembamba, zina mguu wenye ncha unaochomekwa ardhini. Ukitupandisha kwenye jukwaa la mbao, kinganga hakina pa kusimama. Mpigaji anakibana kwa magoti, mkono unakosa uhuru, na mbao zenyewe zinavuma kama pipa. Ngozi nazo zinalegea. Mtwara Mjini na Lindi, kwa unyevu wa bahari usiku, ngozi iliyokazwa kwa moto inaweza kushuka ndani ya nusu saa, na ikishuka kinganga kinapoteza ule mlio mkali unaompa mchezaji ishara. Tunahitaji moto wa nyasi kavu karibu, na waandaaji wanatuzimia kwa kuogopa waya.

MWALIMU WA KWAYA (Ndanda)

Tumsifu Yesu Kristo. Kwa ufupi tu. Kwaya zetu nazo zimeingia kwenye pleibeki kwa sababu ya video, hata kwenye uzinduzi ambao watu wamekuja kusikia sauti. Kwaya ya watu 30 haihitaji maiki 30. Maiki mbili za kondensa, mita moja hadi moja na nusu mbele ya safu ya kwanza, juu kidogo ya vichwa, zikiachana mita mbili na nusu hadi tatu. Fundi akumbuke kuwasha volti 48 kwenye miksa, maana bila hizo maiki hizo hazitoi kitu, na mara nyingi husingiziwa ni mbovu. Mkigawa maiki nne za mkononi, mtasikia watu wanne na wengine 26 watakuwa wanafumbua midomo.

Na kinanda kiwepo hata kama ni kwa sauti ndogo. Kwaya iliyochoka hushuka nusu noti kwenye wimbo mrefu bila kujua, sauti ya nne ndiyo inaanza, wengine wanafuata.

SOMO (Mikindani)

Wanangu, mimi nina neno moja. Bi Kidude alikwenda na msondo wake, ngoma yake ndefu, mpaka Ulaya, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, akiimba unyago na taarabu kwa koo lake mwenyewe, ngoma imefungwa kiunoni. Hakuna aliyemwekea sauti ya pembeni. Kwa hiyo msiseme umri wala pumzi.

Ila mkitaka laivu, msichukue kila wimbo wa ndani mkaupandisha jukwaani. Kuna nyimbo za unyago zina mahali pake na wasikilizaji wake. Waulizeni wenyewe kwanza ipi inatoka na ipi inabaki.

KIJANA WA SINGELI (Nachingwea)

Bibi, shikamoo, nimekusikia. Fundi, kama namna ya tatu inakubalika, sharti ninalipokea. Lakini liandikwe hivyo hivyo, si "bendi". Na watangulizi wa hapa wapewe saundi cheki kama mkuu. Kwa sasa msanii mkuu anajaribiwa saa nzima, sisi tunapandishwa maiki ikiwa imepangwa kwa koo la mtu mwingine. Mimi nina sauti nyembamba. Ile ya besi ya kaka mkubwa ikiachwa kama ilivyo, mimi natoka kama simu ya zamani.

FUNDI MITAMBO (Masasi)

Hilo ni kweli, na dawa yake ni nyepesi. Miksa ya dijitali inahifadhi mpangilio wa kila mmoja. Dakika kumi kwa kila mtangulizi mchana, usiku unabonyeza tu. Kama miksa ni ya kizamani, piga picha ya vitufe kwa simu, urudishe kwa mkono. Hii pia inajibu suala la kubadilisha bendi: vyombo vikubwa, yaani dramu, amplifaya ya besi na kinanda, viwe vya pamoja na vibaki palepale, kila bendi ije na magitaa tu. Dakika 30 zinakuwa kumi.

Mzee wa Newala, kwenye vinganga uko sahihi kabisa. Msipande jukwaani. Mbele ya jukwaa itengwe ardhi ya mita sita kwa sita, watu wazunguke pande tatu. Kama uwanja ni wa saruji, kreti za mbao zijazwe mchanga wa pwani uliolowa na kushindiliwa, sentimita 40 kwenda chini, mguu unasimama. Maiki nne zinatosha: moja juu ya vinganga kwa umbali wa sentimita 30 hivi, maana ukiisogeza zaidi ule mlio wa fito unapasua kila kitu, moja kwenye ngoma kubwa, upande wa chini ambako hewa inatoka, mbili kwa waimbaji. Monita hapana. Ngoma zinajisikia zenyewe, na monita karibu na ngozi inaifanya ngozi ivume bila kupigwa.

Moto ukae mita kumi kutoka kwenye waya, upande ambao upepo hauleti cheche jukwaani, na ndoo mbili za mchanga pembeni. Kikundi kikiwa na seti mbili za vinganga, moja inapigwa, nyingine iko motoni, hakuna kusimama.

MWANDAAJI (Lindi)

Sauti ya wazi juu ya mdundo naiweza, bila kupandisha kiingilio. Kinachoniumiza ni saundi cheki. Msanii anafika saa moja usiku, watu wameshaingia, mtajaribu mbele yao? Na viwanja vyetu vingi viko jirani na misikiti. Huwezi kugonga dramu Adhuhuri wala Alasiri, na Ijumaa mchana usithubutu. Muda uliobaki ni saa tatu hadi saa sita asubuhi. Maana yake msanii alale huku usiku wa kuamkia tamasha, na usiku huo namlipia mimi.

MLETA MADA (Mtwara Mjini)

Alale. Usiku mmoja wa hoteli kwa watu watano ni gharama ndogo kwenye bajeti ya tamasha, na ukiuweka kwenye mkataba mapema, meneja wake hataupinga. Anayekuja siku hiyohiyo na kuondoka usiku huohuo ndiye huyo wa flashi kamili.

Basi nitakachopeleka kwa afisa utamaduni kimebaki hivi: sauti kuu ya kila wimbo itoke kwa mwimbaji aliye jukwaani, mdundo uwe wa bendi au wa flashi, hiari yake, monita mbili kwa kila mwimbaji mkuu, saundi cheki asubuhi kwa wote walio kwenye bango, watangulizi wakiwemo. Mwandaaji akikiuka, tamasha linalofuata aandike pleibeki kwenye tiketi. Nani ana la kuongeza kabla sijaandika barua?

KIONGOZI WA KIKUNDI CHA NGOMA (Newala)

Ongeza dakika arobaini kwa kikundi cha ngoma, saa mbili usiku, watu wakiwa wameingia, wala si saa kumi jioni uwanja ukiwa mtupu. Na ile ardhi ya mita sita kwa sita iandikwe kwa vipimo, pamoja na moto. Visipoandikwa tutafika tukute vimepangwa viti vya wageni rasmi.